Chumba Kilichokunywa Maji

Kila asubuhi ya majira ya baridi, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukunja matandiko. Tandiko la binti yangu Dallae lilikuwa la buluu iliyokoza. Nilipolifunua, yeye akiwa ameshatoka kunawa uso, nilimkuta mtoto mwingine amelala pale. Alikuwa mweupe. Alikuwa na mabega, mgongo na miguu miwili. Ulikuwa unga tu, unga mwembamba wa ngozi, lakini ulikuwa umechukua umbo la binti yangu hasa.

Mama mkwe wangu alikuja na karatasi akaukusanya unga ule kwa kiganja, taratibu, bila kuacha hata chembe. Akaikunja karatasi, akaenda jikoni, akaitia motoni.

Kwetu wazee husema panya akila kucha za mtu hugeuka kuwa mtu huyo. Siku moja hubisha mlangoni na sura yake na sauti yake, na wazazi hawajui yupi ni wao. Mama mkwe aliwaza kwamba kama kucha zinaweza kufanya hivyo, sembuse ngozi.

"Usikung'ute tandiko hili nje, Mama Dallae," aliniambia. "Kuna vinavyongoja."

Mimi kwa kawaida ni mtu wa kucheka mambo kama hayo. Majira yale ya baridi sikucheka.

Nyumba yetu ni ya mwisho katika kijiji cha Soragol, pale njia inapoishia mlimani. Mume wangu Cholgu anachimba makaa ya mawe ng'ambo ya mlima, na huja nyumbani mara mbili tu kwa mwezi. Tuliobaki tulikuwa watatu: mama mkwe, Dallae aliyekuwa na miaka minane, na mimi. Kuni zilikuwa zikiwaka jikoni, na moshi wake wa moto ulipita chini ya sakafu ya chumba chetu kabla ya kutoka nje. Ndivyo tunavyoota moto sisi, kwa miguu na mgongo. Sehemu iliyo karibu na jiko ndiyo yenye joto kuliko zote, na hapo hulazwa mtu anayependwa. Dallae alilala hapo.

Palikuwa pia na chumba cha nyuma. Hakikuwashiwa moto, na hakuna aliyelala humo. Sunbun, dada mkubwa wa mume wangu, alifia humo miaka thelathini iliyopita. Alikuwa na miaka minane. Zaidi ya hayo sikuwahi kuambiwa chochote, na mkwe mwenye adabu hachimbui kaburi la watu.

Mambo yalianza theluji ya kwanza ilipoanguka. Jioni moja nilikuwa nikimchana Dallae nywele kwa kitana cha plastiki. Nywele zikalia, tratra, tratra. Kisha zikainuka zenyewe, unywele mmoja mmoja, zikakifuata kitana hewani. Nilikiondoa kitana, nazo zikabaki zimesimama, kana kwamba kuna mtu amezishika kwa juu.

"Mama, nani ananivuta nywele?" Dallae aliuliza.

"Hakuna mtu," nilimjibu, nikazishusha nywele zake kwa kiganja.

Jioni nyingine alivua sweta lake la nailoni chumbani kukiwa na kiza, nasi sote watatu tukaona cheche za buluu zikimkimbia mgongoni. Kabati la mbao, lililokuwa kimya tangu niolewe, likapasuka alfajiri moja kwa mlio wa bunduki. Mto wa Dallae ukawa na matone ya damu iliyomtoka puani. Na kila alipoamka, miguu yake ilikuwa na mistari mirefu myekundu, minne minne, sawasawa na alama za vidole.

"Nani amekufanya hivi?" nilimuuliza.

"Sijui. Nilikuwa nimelala."

Mama mkwe aliitazama ile mistari, akatazama mlango wa chumba cha nyuma, kisha akainuka akaenda kuongeza kuni.

Sasa niseme tulichokuwa tukikifanya, maana nisipokisema hadithi hii haina faida. Kila Jumamosi tulikuwa tukimwogesha Dallae jikoni, katika karai kubwa la mpira. Maji yalikuwa ya moto hata ngozi ilibadilika rangi. Akishalowa vizuri tulichukua kile kitambaa kikwaruzo cha kijani ambacho kila nyumba ya kwetu inacho, tukamsugua. Nongo zilitoka, za kijivu, zikiviringika kama tambi. Kwetu mtu asiyetoa nongo hajaoga. Kadiri zinavyotoka nyingi, ndivyo mama anavyosifiwa kwa usafi, na mimi nilipenda sifa.

Basi nilipoona ngozi ya Dallae imepauka na kutoa unga, mimi na mama mkwe tuliona jambo moja tu: uchafu. Tulimsugua zaidi. Jumamosi ikawa haitoshi, tukaongeza Jumanne. Nywele nazo tuliziosha kila siku kwa sabuni ya kufulia ili zitulie. Baada ya kila kuoga ngozi ilikuwa nyekundu na laini kwa muda wa saa moja hivi. Kisha ule weupe ulirudi, na kila mara ulirudi mwingi kuliko mwanzo.

Dallae alipolia, mama mkwe alinitupia maneno.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," alisema. "Sugua."

Nikasugua. Jumanne moja mtoto hakulia tena. Alikaa ndani ya karai akiutazama ukuta, na nilipomwita aligeuza kichwa polepole sana. Nilimwogopa. Nasema kweli, nilimwogopa mwanangu mwenyewe.

Siku hiyo, Dallae alipokwisha kulala, mama mkwe alinieleza. Hakunitazama. Alikuwa akimenya viazi, na aliendelea kumenya.

"Sunbun alianza hivihivi. Ngozi ikawa inamtoka kitandani, kila asubuhi. Nywele zikakatika. Akawa anajikuna usingizini. Kisha miguu ikavimba, homa ikampanda, akafa siku nne kabla ya Mwaka Mpya. Hakula ile supu."

Kwetu supu ya Mwaka Mpya ndiyo inayomwongezea mtu umri. Usipoila, hukui. Sunbun alibaki na miaka minane mpaka leo.

"Anamtaka mwenzake wa kucheza naye," mama mkwe alisema. "Nimeshazungumza na mganga wa mizimu. Atakuja siku mbili kabla ya Mwaka Mpya. Amesema mtoto awe safi. Tutamsugua jioni tatu mfululizo, asibaki na nongo hata moja, na chumba kiwe na joto sana."

Nilihesabu kwa vidole. Mwaka Mpya ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili.

Asubuhi yake nilipokuwa nikimvalisha Dallae soksi, aliuvuta mguu wake. Nikamgeuza. Nyuma ya goti ngozi ilikuwa imepasuka, na ule mpasuko ulikuwa unatoa maji ya njano. Palikuwa pamevimba kidogo na pana joto. Nikakumbuka yale maneno ya jana yake: kisha miguu ikavimba.

Kijiji chetu kina zahanati ndogo karibu na daraja, na mhudumu wake ni Yun, msichana wa miaka ishirini na saba kutoka mjini. Mama mkwe hakumpenda. Alikuwa akisema kwamba binti asiye na mume wala mtoto hana la kumfundisha mtu aliyezaa saba. Kwa hiyo nilimdanganya kwamba naenda kuazima chumvi, nikashuka na theluji ikinifika vifundoni. Kuuliza si ujinga, nilijiambia njia nzima, lakini nilikuwa nikitembea kama mwizi.

Yun alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia yote: mtoto wa unga, cheche, nywele zinazosimama, alama za vidole, Sunbun. Nilitarajia acheke. Hakucheka. Aliuliza mambo mawili tu, kama mtoto ana homa, na kama chumba anacholala kina maji.

"Maji ya nini chumbani?" niliuliza.

"Basi twende," alisema, akatia vitu katika mkoba wake.

Mama mkwe alikuwa mlangoni tulipofika. Alimtazama Yun, akanitazama mimi.

"Chumvi yenyewe ndiyo hii?" aliuliza. "Mbona imevaa viatu?"

Yun aliinama kwa heshima zote. "Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuona mguu wa mjukuu wako, kisha nitaondoka."

"Umeshawahi kuogesha mtoto wewe?"

"Wa kwangu bado, Bibi. Nimeogesha wa watu."

Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Mwenyeji wetu hakutaka kupona, lakini baridi ilikuwa kali na mlango ulikuwa wazi, na mwanamke wa kwetu hawezi kuacha joto lipotee. Akatupisha.

Yun alimpima Dallae joto. Alikuwa na homa ndogo sana. Akaosha kile kidonda kwa maji safi, akakipaka dawa, akatoa vidonge na kunieleza namna ya kuvigawa mpaka viishe vyote. Aliniambia bila kuzungukazunguka kwamba vijidudu vimeingia kwenye mpasuko. Uvimbe ukizidi, au mstari mwekundu ukipanda mguuni, au homa ikipanda, nisingoje kupambazuke wala nisingoje mganga, nimpeleke hospitali ya mjini mara moja.

Kisha akaushika mkono wa Dallae, akaupapasa kwa kidole gumba. Unga ukadondoka juu ya sakafu.

"Hizi si nongo, Bibi," alisema. "Hii ni ngozi yenyewe. Ngozi ina mafuta yake ya asili. Ndiyo blanketi lake. Maji ya moto sana yanayaondoa, sabuni inayaondoa, na kile kitambaa kinaondoa na blanketi lenyewe. Ngozi ikibaki uchi inakauka, inawasha, inapasuka. Mtoto anajikuna usingizini. Ile mistari minne minne ni ya kucha zake mwenyewe."

"Na nywele zinazosimama? Na zile cheche?" mama mkwe aliuliza.

"Ni ukavu. Nywele kavu zikisuguana na plastiki, au nailoni ikisugua mwili mkavu, hutoa cheche. Hata za kwangu hufanya hivyo. Kabati nalo limepasuka kwa kukauka."

Mama mkwe aliguna. Alisema majira yote ya baridi ni makavu, na watoto wa kijiji kizima hawatoi umbo jeupe kitandani. Hata mimi niliona hapo ana hoja. Yun alitazama chumba. Aliuona mlango wa karatasi tulioufunika kwa plastiki, usipite hata uzi wa upepo. Aligusa sakafu mahali pa Dallae, akaondoa mkono upesi.

"Hiki chumba kinakunywa," alisema.

Nilisikia nywele za shingoni zikinisimama, na mara hii hapakuwa na kitana.

"Kinakunywa nini?" nilimuuliza.

"Maji. Popote kinapoyapata. Bibi, nipe mabakuli mawili ya shaba yanayolingana."

Akayajaza maji. Akachukua mkaa, akachora mstari ndani ya kila bakuli mahali maji yalipofika. Bakuli moja aliliweka kwenye sakafu ya chumba chetu, kando ya tandiko la Dallae. La pili alilishika mkononi, akamtazama mama mkwe.

"Hili naomba liwekwe kule nyuma, Bibi. Kwa Sunbun."

Hakuna mtu aliyekuwa amelitaja jina hilo mbele ya mama mkwe kwa miaka. Alifuta mikono kwenye sketi yake. Kisha akalichukua bakuli mwenyewe, akaufungua mlango wa chumba cha nyuma. Baridi ya chumba kile ilitupiga usoni, ina harufu ya vumbi na karatasi kuukuu. Aliliweka bakuli katikati ya sakafu, akafunga mlango.

"Kama ni Sunbun mwenye kiu," Yun alisema, "atakunywa la kwake. Nitakuja asubuhi. Leo msimsugue."

Alfajiri mama mkwe aliniamsha. Alikuwa ameketi kando ya bakuli la chumba chetu, mikono magotini. Mstari wa mkaa ulikuwa mkavu. Maji yalikuwa yameshuka chini yake kwa upana wa kidole kizima.

Mlango ulikuwa umefungwa. Plastiki ilikuwa mahali pake. Sakafu kuzunguka bakuli haikuwa na hata tone moja. Dallae alikuwa amelala, na midomo yake ilikuwa imekauka na kuchanika.

"Amekuja," mama mkwe alisema kwa sauti ndogo. "Amekunywa akiwa karibu naye hivi."

Tulikaa hivyo hivyo mpaka tukasikia viatu vya Yun juu ya theluji. Aliingia, akatazama bakuli, akasema twende nyuma. Mimi ndiye niliyefungua mlango. Bakuli la Sunbun lilikuwa palepale katikati ya sakafu. Juu yake palikuwa na barafu nyembamba. Chini ya barafu, maji yalikuwa kwenye mstari wa mkaa. Hayakupungua hata unyoya.

"Huyu hakunywa, Bibi," Yun alisema taratibu. "Humu hamna moto. Ni kile chumba chenye moto kilichokunywa. Joto linakausha hewa, na hewa kavu inatafuta maji. Ikikuta bakuli inakunywa bakuli. Isipokuta bakuli inamnywa mtoto."

Mama mkwe aliingia ndani. Alikuwa akitazama sakafu ya chumba kile, kona iliyo karibu na jiko la zamani. Alitazama pale kama mtu anayesoma.

"Mwaka ule niliwasha moto humu," alisema. "Mizigo mitatu ya kuni kila siku. Nilimlaza pale penye joto kabisa, kwa kuwa alikuwa mgonjwa. Na nilimsugua. Wakati ule hatukuwa na kitambaa, nilimsugua kwa jiwe la mtoni. Alilia, mimi nikamwambia nyamaza, uchafu unatoka. Miguu yake ilikuwa imepasuka hapa na hapa." Aligusa nyuma ya magoti yake mwenyewe. "Nilimsugua kwa mkono huu."

Aliunyoosha mkono wa kulia mbele yetu, kama mtu anayeonyesha kitu alichokiokota.

Machozi yalinitoka. Na mimi mkono nilikuwa nao.

Yun alipiga magoti kwenye sakafu ile ya baridi. "Bibi, huenda ni kidonda, huenda ni ugonjwa mwingine. Mimi sikuwepo, siwezi kukuambia. Lakini wakati ule hapakuwa na zahanati, na hapakuwa na mtu wa kukuambia. Leo yupo, na mtoto yupo."

Mama mkwe alipiga magoti, akaigusa sakafu ya kona ile. Kisha akainuka, akajikung'uta magoti.

"Basi sema," alimwambia Yun. "Sema polepole, maana mimi ni mzee, na huyu mkwe wangu hasikii mpaka aambiwe mara tatu."

Yun alisema, na siku hiyohiyo tukaanza. Moto tuliupunguza kwa mzigo mmoja wa kuni. Tandiko la Dallae tukalisogeza mbali na sehemu ya jiko, na hilo ndilo lililomuuma mama mkwe kuliko yote, maana aliona kama tunamnyima mtoto mapenzi. Bakuli la maji likabaki chumbani, na maji yake tukawa tunayabadilisha kila siku. Taulo mbichi tukaitundika kwenye kamba. Mchana jua likiwa kali tulifungua mlango kidogo, hewa mpya iingie, na ukuta usiote ukungu.

Kuoga nako kukabadilika. Maji ya vuguvugu, yale ambayo kiwiko hakishtuki ukikitia. Muda mfupi, si zaidi ya dakika kumi. Sabuni laini kidogo, kwapani, miguuni na penye uchafu wa kweli. Hakuna kusugua. Ukimtoa mtoto majini, unamkausha kwa kumgusagusa na taulo, humfuti kwa nguvu. Na papo hapo, ngozi ikiwa bado ina unyevu, unampaka mafuta ya mgando mwili mzima. Hapo Yun alikaza sauti. Alisema mafuta hayaleti maji, yanayafungia tu yaliyopo. Ukingoja ngozi ikauke kabisa, unafungia ukavu. Usiku kabla ya kulala tulimpaka tena mikono, miguu na midomo. Ndani ya sweta tukamvalisha fulana ya pamba, isiguse ngozi yake nailoni wala sufu.

Kwenye kucha tulikwama. Yun alitaka zikatwe fupi, ili mtoto asijichane usingizini. Mama mkwe alikumbuka panya, akakataa. Nilidhani sasa watagombana. Yun alifikiri kidogo.

"Tukate mchana, Bibi, tuzikusanye, na wewe uzichome mwenyewe," alisema. "Panya akose, na mtoto asiumie."

Mama mkwe alimtazama msichana yule kwa mara ya kwanza bila kumkunjia uso. "Mtu wa mjini una akili kidogo," alisema.

Na kuhusu nywele, aliyetufundisha alikuwa mama mkwe. Yun alikuwa ameshasema zioshwe mara mbili tu kwa wiki, kwa sabuni ya nywele, si ya kufulia. Zikaushwe kabla ya kutoka nje, na kitana cha plastiki tukiweke kando. Alipouliza kama tuna mafuta yoyote ya nywele, mama mkwe alienda kwenye sanduku lake, akatoa chanuo la mbao na kichupa. Yalikuwa mafuta ya mbegu za mti wa mlimani, anayokamua kila vuli kwa ajili ya fundo lake la nywele. Hakuwahi kumgawia mtu. Alidondosha matone mawili kiganjani, akapaka ncha za nywele za Dallae, akamchana kuanzia chini kupanda juu. Nywele hazikulia. Zililala.

"Mama yangu alinifanyia hivi," alisema. "Sijui kwa nini niliacha."

Kidonda kilikauka siku ya tano. Homa haikurudi. Siku ya sita niliamka nikalifunua tandiko la buluu, na mkono ukanisita kwa mazoea. Yule mtoto mweupe alikuwepo bado, lakini alikuwa hafifu. Hakuwa na mabega tena. Siku ya saba palikuwa na mstari mmoja tu wa mgongo. Siku ya nane mama mkwe alikuja na karatasi yake, akapiga magoti, akatafuta kwa kiganja tandiko zima. Aliinuka na karatasi tupu.

Mganga wa mizimu alikuja kama ilivyopangwa. Mama mkwe alimpokea, akamlisha, akamwambia kwamba hakuna kitu cha kufukuza. Alimwomba amsomee Sunbun maneno ya kumliwaza tu. Yakasomwa, mbele ya mlango wa chumba cha nyuma uliokuwa wazi.

Cholgu akaja na theluji mabegani. Siku ya Mwaka Mpya tulikula supu. Dallae alimaliza bakuli lake, akalamba kijiko, akatangaza kwamba sasa ana miaka tisa. Mama mkwe aliondoka mezani ghafla, akaenda jikoni kuangalia moto. Nilimfuata. Hakuwa akiangalia moto. Alikuwa ameshika kile kitambaa cha kijani, ameanza kusugulia viazi vya jioni.

"Kumbe kinafaa," alisema, uso umelowa. "Viazi haviumwi."

Jioni Dallae alimwambia bibi yake avue soksi. Nyayo za bibi zilikuwa na magaga ambayo ungeweza kuficha punje ya mahindi ndani yake. Mtoto aliziloweka katika maji ya vuguvugu, akazikausha kwa kuzigusagusa, akazipaka mafuta ya mgando zikiwa bado na unyevu, akamwamuru asitembee. Mama mkwe alilalamika sana, lakini hakuuondoa mguu.

Sasa ni miaka mingi, na hatujawahi kulala majira ya baridi bila bakuli la maji chumbani. Mabakuli yetu ni mawili. La pili mama mkwe hulileta kutoka chumba cha nyuma theluji ya kwanza inapoanguka, akaliweka kando ya lile la Dallae. Yun alipoliona aliniuliza kwa jicho, nami nikamjibu kwa jicho, akaacha.

Kila asubuhi maji huwa yamepungua upana wa kidole, katika yote mawili. Najua ni chumba. Mama mkwe naye anajua, kwa kuwa kila mkwe mpya anayehamia kijijini humweleza yeye mwenyewe habari za hewa kavu, mafuta na ngozi yenye unyevu. Lakini anapoliinua lile bakuli la pili hulitazama kwanza.

"Amekunywa," husema.

"Amekunywa, Mama," humjibu.

Kisha tunayajaza yote mawili.